Shawa ya maji moto kutoka kwenye injini ya gari: ipi ununue, na ipi itakubabua mgongo

Ujumbe ulionifanya niandike haya ulitoka kwa dada mmoja wa Moshi. Walipiga kambi Simba, pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Land Cruiser yao ilikuwa imefungwa shawa inayotumia joto la injini, mpya kabisa. Maji yakaja matamu. Akajimwagia, akafunga koki apake sabuni, maana ndoo ilikuwa moja na watoto walikuwa wanasubiri zamu. Alipofungua tena, mkupuo wa kwanza ulimbabua bega mpaka ngozi ikavimba lengelenge. Muuzaji alipopigiwa simu akajibu: "Dada, si ulitaka maji ya moto?"

Nikawauliza wasomaji wengine wenye shawa za aina hiyo. Kaka mmoja wa Iringa aliunguza paja. Mama mmoja wa Nanyuki anasema siku hizi anafungulia maji chini kwanza, anahesabu, ndipo anamwogesha mtoto. Wote wana vifaa tofauti, kutoka kwa wauzaji tofauti, na wote wanasimulia kitu kimoja.

Kwa hiyo humu hutakuta habari za presha, uzito, wala urefu wa mpira. Hayo yameandikwa kwenye kila boksi. Mimi nimepanga vifaa kwa swali moja: nikifunga koki dakika mbili nipake sabuni, maji ya kwanza yatakayotoka nikifungua yatakuwa na joto gani?

Tuelewane kwanza kinachotokea. Injini ikishapata moto, kulanti, yaani maji ya kupoza injini, inazunguka ikiwa na nyuzi 80 hadi 90 hivi. Eksichenja ni kijisanduku chenye njia mbili zinazopakana bila kukutana. Njia moja inapitisha kulanti, nyingine inapitisha maji yako ya kuoga. Maji yanapokimbia hayakai humo muda mrefu, basi yanatoka na joto la wastani. Ukifunga koki pampu inanyamaza, lakini injini inaendelea kunguruma na kulanti inaendelea kupita. Yale maji yaliyokwama ndani, hata kama ni robo lita tu, yanabaki yanapikwa mpaka yanakaribia joto la kulanti yenyewe. Ukifungua, hayo ndiyo yanatangulia. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde chache. Mtoto anaungua mapema zaidi. Sasa fikiria ya nyuzi 80.

Mwenye kambi kando ya mto, anayevuta maji yasiyokwisha, anaweza asilione tatizo hili kabisa kwa sababu hafungi koki. Sisi tunaobeba maji kwenye madumu tunafunga kila mara. Yaani kifaa kinamwadhibu mtu kwa kubana matumizi.

Nafasi ya kwanza: boila ya boti, na kwangu mimi ni Isotemp

Nasema wazi kwamba naipendelea Isotemp na hakuna aliyenilipa. Inatengenezwa na Indel Webasto Marine ya Italia kwa ajili ya boti. Ni tangi la chuma cha pua lililofunikwa kwa kihami joto, ndani yake mna koili, yaani bomba lililosokotwa. Kulanti ya injini inapita kwenye koili, maji ya kuoga yanakaa kwenye tangi. Unaendesha gari siku nzima kama kawaida, na ukifika kambini jioni maji yameshapata moto. Unazima injini. Umesoma hapo? Unazima injini. Majirani wa mahema hawanuni, dizeli haiungui bure, na moshi hauingii kwenye hema la mtu.

Ninachoipendea hasa ni kitu kidogo kilichofungwa pembeni mwa tangi, nacho ni valvu ya kuchanganya maji yenye thamostati. Inachukua maji ya tangini, inayachanganya na ya baridi, na kutoa joto ulilolichagua. Ukifunga koki ukapaka sabuni mpaka uchoke, ukifungua maji yanatoka yakiwa yamechanganywa. Waliobuni kifaa hiki walijua mtu anaoga akiwa uchi, jambo ambalo ni kama limewapita wengine.

Hesabu zake nazo zinaridhisha. Chukua tangi la lita 15, aina ya Slim. Maji ya tangini yakiwa nyuzi 80 na ya baridi nyuzi 20, ukichanganya kupata nyuzi 40 una lita 45 za kuogea. Kule Kitulo, kwenye mita zaidi ya 2,500, ambako maji ya baridi yanaweza kuwa nyuzi 12, unapata kama lita 36. Kiuhalisia toa kidogo, kwa sababu maji ya baridi yanayoingia tangini yanapoza yaliyobaki. Hata hivyo watu wawili wanaoga vizuri, watatu wakiwa na adabu. Zaidi ya hapo tafuta la lita 20 au 25.

Ubaya upo. Tangi likijaa linapita kilo 20, na linakula nafasi ya mizigo nyuma. Pia maji yakipata joto yanatanuka. Lita 15 zikitoka nyuzi 20 kwenda 80 zinaongezeka karibu nusu lita, na nyongeza hiyo inatokea kwenye valvu ya usalama. Hiyo si hitilafu. Ila fundi asipoivutia mpira ikatoe nje chini ya gari, zulia litalowa na utaanza kusaka mvujo usiokuwepo. Na kamwe usikubali fundi aizibe valvu hiyo kwa sababu "inavuja". Tangi lililozibwa juu ya koili ya nyuzi 85 ni bomu.

Bei? Ulaya ni mamia ya yuro. Ikifika kwetu ni habari nyingine, nitaifikia.

Nafasi ya pili: eksichenja ya sahani, lakini kwa mtindo wa ndoo

Hiki ndicho kifaa kilichomuunguza dada wa Moshi, na bado nakipa nafasi ya pili, kwa masharti. Kinachouzwa zaidi ni kile cha sahani nyembamba za chuma cha pua zilizobanwa pamoja na kuunganishwa kwa shaba. Ni kidogo, kinaenea chini ya boneti, na fundi wa kawaida anakifunga kwenye mipira ya hita, ile inayopeleka kulanti kupasha hewa ya ndani ya gari. Alfa Laval na SWEP, zote za Sweden, zinatengeneza sahani hizi kwa ajili ya viwanda na majengo, na ukipata moja yao hata iliyotumika, ichukue kabla ya zile zisizo na jina.

Sharti langu ni kwamba usioge moja kwa moja kutoka kwenye eksichenja. Weka pampu kwenye ndoo ya lita 20, maji yapite kwenye eksichenja na kurudi kwenye ndoo ileile. Unayazungusha, unachovya mkono, unayazungusha tena. Yakifika joto unalolitaka, unazima injini, unaacha pampu izungushe kidogo ili eksichenja ipoe, kisha unahamisha mpira wa shawa. Sasa unaoga maji ya ndoo, na hakuna kinachoweza kukushtukiza. Funga koki, fungua, funga tena, ni maji yaleyale.

Mtindo huu unatibu na tatizo la pili ambalo wauzaji hawalisemi. Shawa ya lita 3 kwa dakika, maji yakitoka nyuzi 18 kwenda 40, inataka karibu kilowati 4.6 muda wote. Gari la dizeli likiwa sailensa, yaani limesimama injini ikinguruma tu, halitoi joto hilo. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu kilowati-saa 10, na kama theluthi yake ndiyo inaishia kwenye kulanti. Injini inayokunywa lita moja kwa saa inakupa kilowati 3 na kitu. Ndiyo maana mtu wa kwanza anaoga maji ya moto akisifu, wa pili anapata uvuguvugu, wa tatu anatukana. Ukitumia ndoo unakubali ukweli huo: lita 20 kutoka nyuzi 15 hadi 40, kwa kilowati 4, ni kama dakika 9. Fanya mara tu unapofika, injini ikiwa bado na joto la safari.

Kama lazima uoge moja kwa moja, nunua valvu ya kuchanganya yenye thamostati. Caleffi ya Italia na ESBE ya Sweden wanazitengeneza, na ni aina ileile inayofungwa kwenye hita za maji za sola majumbani, kwa hiyo anza kuuliza kwenye maduka ya sola kabla ya maduka ya magari. Maji ya baridi ya valvu yachukuliwe kwenye pampu hiyohiyo kabla ya eksichenja, ili presha za pande mbili zilingane. Na uwe na pampu ya maana. Shurflo za diafram zenye swichi ya presha zinatosha. Zile pampu ndogo za kuzamisha kwenye ndoo hazina nguvu ya kuifanya valvu ifanye kazi, na thamostati isiyopata mtiririko ni pambo.

Jihadhari na mchanga. Nafasi kati ya sahani ni ya milimita mbili hivi, na maji ya mtoni, hasa Ruaha, yanaweza kuiziba kwa siku moja. Chujio ni lazima. Maji ya kisima cha chumvi nayo yanakula chuma, kwa hiyo suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi mkirudi nyumbani. Na usinywe wala kupikia maji yaliyopita humo. Kinachotenganisha maji yako na kulanti ni bati jembamba, na kulanti ya glaikoli ni sumu yenye ladha tamu. Ukiona kulanti inapungua bila mvujo nje, acha kuoga kwanza, chunguza.

Nafasi ya tatu: hita za kuchoma dizeli, Webasto na Eberspächer

Hizi zinavuta dizeli kidogo kutoka kwenye tangi la gari, zinaichoma zenyewe na kupasha kulanti bila injini kuwaka. Thermo Top ya Webasto ya kilowati 5 ni kifaa kizuri sana. Ila bado unahitaji eksichenja au boila mbele yake, kwa hiyo hita yenyewe haitibu suala la mkupuo, umeongeza gharama tu. Halafu kuna mwinuko. Nyingi zimetengenezwa kufanya kazi bila wasiwasi mpaka mita 1,500 hivi, juu ya hapo hewa inapungua, moto unachafuka na chumba cha kuchomea kinajaa masizi. Sasa hebu taja sehemu ya kwetu yenye baridi ya kuhitaji maji moto iliyo chini ya mita 1,500. Lushoto labda. Ngorongoro, Kitulo, Aberdare, Mlima Kenya, zote ziko juu. Zile nakala za bei poa zinaziba mapema zaidi.

Vilivyobaki, kwa ufupi

Bomba la alumini la juu ya keria, RoadShower ya Yakima, linapashwa na jua na unalijaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Halikuunguzi, na huko ukingoni mwa kreta kwenye ukungu halikupashi pia. Mfuko mweusi wa kuning'iniza ni habari ileile kwa bei ya chini.

Vijiti na mitungi ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, acha. Soketi yenye fyuzi ya ampea 10 inatoa wati 120. Lita 10 kuziongezea nyuzi 25 kwa wati 120 ni zaidi ya saa mbili na dakika 20, na umeshakula ampea-saa 24 za betri, theluthi ya betri ya ampea-saa 70. Asubuhi mtasukuma gari mkiwa mmeoga.

Sasa wauzaji

Nitasema. Ukitafuta kifaa chochote kati ya hivi mtandaoni, picha ni nzuri, maelezo ni marefu, na chini imeandikwa "bei njoo inbox". Unaenda inbox. Unaulizwa, "Uko wapi?" Unajibu Masaki, bei inapanda. Mdogo wangu anauliza kwa simu yake akisema yuko Mbagala, anapewa bei nyingine kwa kifaa kilekile na picha ileile. Kama bei ni halali, iandike hadharani tukuletee pesa.

Halafu kuna neno "orijino". Nimeoneshwa eksichenja isiyo na namba, haina jina la kiwanda, haina presha ya juu iliyoandikwa, imefungwa gazeti, naambiwa ni orijino ya Ujerumani. Sahani halisi ya viwandani ina kibandiko au mhuri wenye jina la mtengenezaji, aina, presha ya juu na joto la juu. Isipokuwa na hivyo, kwako ni chuma chakavu hata kikiwa king'aavu. Na muulize muuzaji hili mbele ya mashahidi: "Nikifunga koki, maji yaliyobaki ndani yanafika nyuzi ngapi?" Ninaowauliza wengi hucheka. Mmoja aliniambia nioge haraka.

Kuhusu kuagiza mwenyewe, fanya hesabu kabla ya kulipa. Kwa mzigo wa meli, ushuru wa forodha unapigwa kwenye bei ya bidhaa pamoja na usafiri na bima, na VAT inapigwa juu ya jumla hiyo ikiwa na ushuru ndani yake: asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya. Tangi ni kubwa na jepesi, na kampuni nyingi za ndege hutoza kwa ukubwa wa boksi. Kwa hiyo usafiri unaweza kukuumiza kuliko tangi. Likisafiri ndani ya kontena la mtu anayeleta gari, unaokoa pesa nyingi. Na kwa wale wa Zanzibar, Dar na Mombasa, waulizeni mafundi wa boti kabla hamjamuuliza mtu wa magari. Boila zilizotolewa kwenye boti za matembezi zipo, na zikijaribiwa kwa presha hazina neno.

Mmeuliza kuhusu magari yenu

Prado, Surf, Noah, Hiace na wengine waliotoka Japani wakiwa wametumika: mna bahati. Japani kuna baridi, gari lina hita, na mengi yenye viti vya nyuma yana hita ya pili huko nyuma. Maana yake mipira ya kulanti tayari inapita chini ya sakafu mpaka karibu na mahali utakapoweka boila. Mwambie fundi aanzie hapo, asikate ya mbele. Ila mipira na vyuma vya huko chini vina umri wa gari, aviangalie kwanza kama vimeoza.

Waliochukua Land Cruiser za mashamba na miradi, zilizotengenezwa kwa soko la nchi za joto: fungueni boneti kabla ya kununua chochote, kwa sababu yapo yasiyo na hita kabisa. Pale kwenye injini panakuwa pamezibwa au pameunganishwa kwa kipande kifupi. Inawezekana kufunga, lakini ni kazi ya fundi anayejua kulanti inaingilia wapi na kutokea wapi. Kwenye magari mengine yenye hita, valvu inafunga njia ya kulanti mpaka uweke kitasa cha ndani upande wa moto. Boila isipopata joto, angalia kitasa kabla ya kumpigia mtu kelele.

Tumieni mpira wa hita, kwenye Toyota nyingi ni wa milimita 16, si mpira wa bustani wala wa mafuta. Na baada ya kufunga, upepo utolewe wote kwenye mfumo: rejeta ijazwe injini ikiwa baridi, hita iwe upande wa moto, injini iwashwe mpaka thamostati ifunguke, ijazwe tena. Fundi akikwambia "tia maji tu, kulanti ni gharama", mrudishie spana zake. Maji matupu yanaleta kutu, na kutu hiyo itaenda kukaa kwenye koili uliyoilipia VAT. Msiondoke gereji siku hiyohiyo kwenda safari. Endesha mjini siku mbili tatu, ukiangalia geji ya joto na chupa ya kulanti kila asubuhi, ndipo upandishe Karatu.